Damu ya Esha na Neno la Daktari Kimeu

Ndani ya chumba cha daktari

Daktari Kimeu aliushika mkono wangu akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akaitazama ngozi iliyobambuka, akanipanua mdomo kwa kijiti na kumulika kwa taa, akanivuta kope za chini akachungulia. Kisha akaketi. Akamtazama ndugu yangu Esha, akanitazama mimi, akasema, "Mama, shida ni damu ya dada yako. Imekukataa mwili. Ndiyo inayokushambulia."

Alisema hivyo hivyo, na tabasamu juu, kama anayeniambia gari limechelewa. Halafu simu yake ikalia, akaipokea.

Esha alikuwa kando yangu, kikapu cha mikate mapajani. Tangu tuingie alikuwa amenishika kiwiko, maana mato yangu hayaoni vizuri kwenye taa kali. Niliuhisi ule mkono ukiondoka. Haukuvutwa. Uliondoka polepole, kama wa mtu aliyegusa sufuria asijue kuwa iko motoni. Akasimama, akaweka kikapu juu ya kiti chake.

"Nakungoja nde," akasema, akatoka.

Nyinyi mliokuja kuniona tangu nirudi, kila mmoja ameniuliza swali moja: mbona Esha haji? Nami nimekuwa nikijibu, yuwaja, ana shughuli za watoto, bahari imechafuka. Nimechoka kuwadanganya. Nimeketi kivulini nikaandika yote, safari na ndia nzima, na waliohusika nimewataja. Mimi nimesoma darasa la nne na chuo cha Qurani tu. Atakayeona kosa la kalamu alisahihishe kimoyomoyo.

Siyu

Kwa asiyejua, niliugua saratani ya damu, nikapelekwa India kupandikizwa uboho. Mambo ya pasi na ya harambee nayaruka, mliyaona wenyewe. Ndugu zetu wote walipimwa, na aliyelingana nami ni Esha, mdogo wangu, aliyeolewa kisiwa cha Ndau. Aliacha nyumba yake na wanawe akaja. Huko India walimlaza akafungwa mipira mikono yote miwili, damu ikawa inatoka huku na kurudi huku, mashine inachuja kile wanachokitaka. Mimi nilikuwa chumba cha vioo. Kilipokuja kwangu kilikuja ndani ya mfuko mdogo, rangi ya sharubati ya ukwaju. Nilitazamia kitu kikubwa zaidi.

Tulirudi kwetu nikiwa nimepungua lakini mzima. Uangalizi wangu ukahamishiwa Nairobi kwa huyo Daktari Kimeu, na nikaambiwa nesi wake, Sista Lydia, atakuwa akinipigia kila Ijumaa.

Kweli alipiga, hilo siwezi kumnyima. Kila Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini.

"Hujambo mama? Hali yako?"

"Salama, alhamdulillahi. Na wewe? Watoto?"

"Wazuri. Haya mama, siku njema."

Akakata. Mimi hubaki na simu sikioni. Ngozi ikaanza vipele, nikasema ni jua la shamba, nikapaka mafuta ya nazi. Mdomo ukafanya vidonda, hata chai ya vuguvugu ikawa kama ndimu. Mato yakakauka yakawa kama yametiwa mchanga. Ijumaa ikifika, Sista Lydia ananiuliza hali, namwambia salama, anakata.

Esha alipokuja kunitazama alipiga hodi, akaingia, akasimama kati ya ukumbi.

"Subhanallah! Wewe ni mtu au ni ndizi ya kuchoma?"

"Ni damu yako hiyo. Wajicheka mwenyewe."

Hakucheka. Akanikagua mikono, akanikagua shingo. "Na yule nesi wako wa simu umemwambia?"

"Huniuliza hali, namwambia salama."

"Akisha?"

"Akisha hukata."

Esha akajipiga paja. "Hakuulizi mara ya pili?"

"Haulizi."

"Basi hiyo ni simu gani? Hata mtu wa kupita ndiani huuliza mara ya pili!"

Nyinyi mwajua. Kwetu mtu akikuuliza hali, unamshukuru Mungu kwanza, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Kisha anakaa, anapewa maji, anauliza, "Ehe, na hali yenyewe?" Hapo ndipo mtu anafungua moyo. Sista Lydia hakufika hapo hata siku moja. Na mimi nilikuwa namngoja.

Esha akashika simu yangu, akampigia Sista Lydia, akasema bila salamu, "Mgonjwa wenu anabambuka kama kitunguu." Tukaambiwa twende Nairobi upesi.

Siyu hadi Mtangawanda

Tulipanda pikipiki, Esha nyuma yangu ameshika mwavuli, maana nimekatazwa jua. Asiyejaribu kukaa kwenye pikipiki na mwavuli uliofunguliwa asijaribu. Tulipotoka kwenye minazi upepo ukaukamata ukaugeuza juu chini, Esha akapiga ukelele, dereva akadhani amegonga mbuzi wa watu, akaruka akaenda kumtafuta vichakani. Alirudi anauliza yuko wapi mbuzi. Esha amekaa chini mchangani anacheka mpaka hawezi kusema. Mimi kucheka kulinipasua midomo, na bado nilicheka.

Mtangawanda maji yalikuwa yametoka. Boti imelala upande kama punda aliyechoka, na nahodha, Bwana Shekuwe, naye amelala ndani yake. Tukangoja. Esha alinifunika kwa leso juu ya buibui, na barakoa usoni, pakabaki mato tu.

Bwana Shekuwe alipoamka akatutazama. "Bi Esha, huyu ni mgonjwa au ni bibi harusi? Mmemfunika kana kwamba atapewa bwana yeo."

"Ana damu yangu ndani," Esha akamjibu. "Nailinda isimwagike. Akipona nataka anirudishie yote."

"Hata ile aliyonyonywa na mbu?"

"Hiyo nitawadai mbu."

Watu wote wa gati wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningejua, nisingecheka.

Mokowe hadi Mombasa

Tulivuka mpaka Amu, tukavuka tena mpaka Mokowe, tukapanda basi. Kila kizuizi tulishuka, askari wakaangalia vitambulisho, tukapanda. Mimi kila nikishuka Esha alifungua mwavuli kwanza, kisha mimi. Askari mmoja akaniambia nitoe barakoa aone uso. Nilipoitoa akarudi hatua nyuma akasema, "Vaa, vaa, mama, vaa." Nilitamani ardhi inimeze. Esha akamwambia, "Haiambukizi, bwana. Uso wako wenyewe ndio unaotisha." Nikadhani tutalala pale, lakini askari akacheka akatupungia.

Witu akapanda mama mmoja, Bi Rukia, na ndoo ya maembe. Akaketi karibu nasi, akamenya embe kwa kisu chake, akakata kipande kinono, akaninyooshea. Nimekatazwa kitu kibichi kilichoshikwa na mkono wa mtu, hata tunda, hata maji yasiyochemka. Nikatikisa kichwa. Kwa vidonda vya mdomo sikuweza kusema mengi.

Uso wake ukakunjika. "Sisi wa Witu mikono yetu ni michafu?"

"Hebu nipe mimi," akasema Esha, akakitia kinywani. "Mimi nikila, huyu naye amekula. Damu yetu ni moja." Akamweleza habari yote, huku maji ya embe yanamtiririka kidevuni. Nilikuwa nalitazama lile embe. Nilikuwa natazama hata ganda.

Bi Rukia akaacha kumenya. Akamshika Esha mkono. "Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Na ulimhalalishia?"

Hapa nieleze kwa watakaosoma na si watu wa kwetu. Mtu akikupa kitu cha kuingia mwilini mwako, iwe maziwa ya kumnyonyeshea mwanao, iwe tonge la mwisho chunguni, husema, "Halali yako." Ndipo kinaingia kwa usalama, na roho mbili zinatulia.

"Nilitaka," Esha akasema. "Nilipofunguliwa ile mipira niliwaomba wanipeleke kwake nimwambie. Nesi wa Kihindi hakunielewa, akavuta pazia. Siku walipokuja kuniruhusu nimwone, yeye hajitambui kwa homa."

"Basi mwambie sasa, yuko hapa."

Esha akanipiga bega kwa bega lake. "Akipona. Nikimwambia sasa hatanibembeleza tena."

Bi Rukia akacheka, akampa embe la pili.

Ndani ya treni

Kutoka Mombasa tulipanda treni ya asubuhi. Ningepewa nafasi ya kurudia kitu kimoja cha maisha yangu, nisingechagua harusi yangu wala siku niliyozaa. Ningechagua viti vile viwili.

Esha alikuwa amebeba chupa ya uji wa mchele, ameuchemsha mwenyewe kwa mwenyeji wetu, hakukubali mtu mwingine auguse. Alinimiminia kifunikoni, akaupuliza, akauonja kwa ncha ya ulimi, akanipa. Dirishani ilipita nti nyekundu, na ndovu wakubwa wamejipaka udongo ule ule. Esha alishika kidevu changu akanigeuzia kichwa ili niwaone. Mato yangu yaliona vivuli tu. Nikasema nimewaona.

"Ukipona utataka nini kwanza?" akaniuliza.

"Embe bichi kwa chumvi na pilipili. Nile mpaka nipige chafya."

"Na pili?"

"Kulia. Machozi yamekatika. Nikihuzunika uso wote unauma, halitoki hata tone."

"Basi tutalia pamoja. Mimi nitalia, wewe utakula embe." Akaniegemeza kichwa begani kwake. Leso yake ilinuka udi na moshi wa jiko la Ndau. Nikalala mpaka Nairobi, na nilipoamka bega lake lilikuwa limekufa ganzi, hajalisogeza.

Nairobi

Hospitali yenyewe siitaji, ni watu wawili tu ninaowataja. Tuliketi kwenye mabenchi mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta mzima. Kisha tukaitwa kwa Sista Lydia, ambaye nilikuwa namjua sauti tu. Ni msichana mwembamba, mzuri, ana haraka. Alitazama tarakilishi yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye tarakilishi.

"Mama, hapa naona kila wiki ulisema uko salama."

"Ulinisalimia, nikaitikia."

"Hapana, nilikuuliza hali."

"Ndiyo. Ulinisalimia."

Esha akaingilia. "Sista, kwenu mtu akiulizwa hali huvua nguo hapo hapo?"

"Mngeniambia tu. Ni simu, mimi siwezi kuona. Nina wagonjwa wengi."

"Nasi tuna nesi mmoja," Esha akasema. "Ungetuuliza vidonda, ungetuuliza ngozi, ungetuuliza mato, angekwambia. Umemuuliza hali, amekupa hali."

Sista Lydia akavuta pumzi, akasema daktari yuko tayari. Tukaingia. Neno alilolisema Daktari Kimeu nimekwisha kuwaambia, na namna Esha alivyotoka.

Ambalo sijawaambia ni hili. Alipomaliza simu yake, Daktari Kimeu akanigeukia, wala hakuuliza kile kiti mbona kina kikapu tu. Akasema, "Lakini usiogope. Si mbaya yote. Hii damu ya dada yako ni kama askari. Hao hao wanaokukwaruza ndio wanaolinda saratani isirudi. Vita kidogo tunavitaka. Vikizidi, tunavituliza kwa dawa. Hutokea kwa wengi, na aliyetoa hana kosa lolote."

Nikamwambia, "Daktari, mwite ndugu yangu umwambie hayo."

"Utamweleza wewe, mama." Alikuwa tayari anaandika dawa.

"Hatanisikia mimi. Wewe ndiye uliyesema lile la kwanza."

"Kuna mgonjwa mwingine nje," akasema, akanifungulia mlango.

Esha alikuwa ameketi mwisho wa korido, ameelekea ukuta. Nilimweleza neno kwa neno, la askari, la vita, la aliyetoa hana kosa.

"Usinifariji, dadangu."

"Wallahi ndivyo alivyosema."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Imekukataa. Inakushambulia." Alikuwa anasema na ukuta. "Sikukuhalalishia. Kisha nikaifanyia mzaha, majini mbele ya watu, na bara mbele ya yule mama aliyenikumbusha. Nilisema nataka unirudishie. Sasa yatoka kwa ngozi."

"Basi niambie sasa, Esha. Niambie, tuishe."

"Nikisema sasa nitasema kwa hofu. Si kwa niya."

Wapita ndia walikuwa wanatutazama, wanawake wawili wa pwani wenye mabuibui, mmoja analia na mwingine hana machozi.

Kurudi

Wale mnaodhani aliniacha, hakuniacha. Alinirudisha mpaka mwisho. Alinichemshia maji, alinifungulia mwavuli kwenye kila kizuizi, alinikumbusha dawa. Lakini hakunigusa tena. Uji aliumimina kifunikoni akakiweka juu ya kiti, akarudisha mkono, ndipo mimi nikakichukua. Kwenye treni aliketi kiti cha mbele yangu, siyo cha kando. Ndovu kama walikuwako, hakuna aliyenigeuza kichwa.

Basini akapanda mtu anauza maembe. Esha akatazama upande mwingine.

Mtangawanda, Bwana Shekuwe akatupigia kelele kwa mbali, "Bi Esha! Damu yako umerudishiwa?" Masikini, hakujua. Esha akainamisha kichwa. Palikuwa na mashua inayokwenda Ndau. Sikutaraji angeipanda, nilidhani atafika nami Siyu, alale, tuzungumze. Akanikabidhi mwavuli na kikapu.

"Fi amanillah, dadangu. Meza dawa."

"Esha."

Akapanda. Alikaa amenipa mgongo, na mimi nilisimama na mwavuli wangu pale gatini mpaka dereva wa pikipiki, yule yule wa mbuzi, akaja akaniambia, "Bi mkubwa, twende, jua."

Siyu tena

Dawa zimefanya kazi. Uso umevimba kwa ajili yake, lakini ngozi imetulia na vidonda vya mdomo vimefunga. Nakunywa chai ya moto. Majirani wananiambia, alhamdulillahi, damu ya Esha imekubali. Nawaambia, nendeni mkamwambie.

Wakimwambia, Esha hukataa kuamini. Mashua ikitoka Ndau huniletea nazi, huniletea samaki mkavu aliyefungwa vizuri, hakuna salamu. Nikimpigia hupokea. "Hujambo?" "Sijambo." "Watoto?" "Salama." Anakata kama Sista Lydia. Idi imepita, hakuja. Nilimpikia visheti avipendavyo, nikavitia kwenye kopo, viko pale juu ya kabati. Nikiwa peke yangu hujishika kiwiko mahali alipokuwa amenishika. Najua kwamba humo ndani ni yeye. Daktari mwenyewe alinambia, wakinipima damu sasa wanaiona ni ya Esha. Anazunguka ndani yangu mchana na usiku, na mlangoni kwangu haji.

Ijumaa moja Sista Lydia akapiga.

"Hujambo mama? Hali yako?"

"Mbaya."

Akashtuka. "Mbaya wapi? Ngozi? Macho?"

"Esha."

"Mama, nauliza mwili."

"Huo ndio mwili. Daktari ampigie simu amwambie lile la pili, la askari. Dakika moja tu."

Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Huyo si mgonjwa wetu, mama. Daktari huzungumza na mgonjwa."

"Si mgonjwa wenu? Kila mkinitoboa mkono mnatoa damu ya nani?"

Akasema atamfikishia daktari. Ijumaa iliyofuata nikamuuliza, akasema daktari alikuwa na mkutano. Iliyofuata akasema yuko safarini. Ya juzi akasema, "Mama, hebu tuzungumze kuhusu dawa."

Basi hii karatasi msiisome nyinyi peke yenu. Mpwa wangu aliye Nairobi ataipeleka mpaka kwenye meza ya daktari, na mtu asimwambie mpwa wangu ni barua ya shukrani.

Daktari Kimeu, wewe ulinena neno la kwanza mbele ya ndugu yangu na la pili nyuma ya mlango. Sitaki uniombe radhi mimi. Nataka ujibu: kwa nini yule aliyelala kwenye mashine mchana kutwa hastahili kusikia mwisho wa maneno yako? Na wewe Sista Lydia, jibu, nambari ya Esha unayo tangu siku ile alipokupigia kwa ajili yangu akakupa na yake, imekushinda nini? Ndau simu inashika vizuri baada ya alasiri, pale pwani wanapotengenezea nyavu. Atapokea, hajawahi kuacha simu ikalia. Mpigie wewe mwenyewe, daktari, kwa mdomo ule ule. Mwanzo atakwambia salama. Usikate. Muulize mara ya pili.